Makombo ya Filomena

Kwa muda mrefu Yordani Castory alikuwa fundi pekee mjini Korogwe aliyeijua mashine ya kusaga makombo. Majirani zake wa Manundu hawakuwahi hata kuisikia. Ni chombo kizito, kikubwa kama ndoo ya maji, kinachofungwa chini ya sinki la jikoni. Ndani kina mota na sahani ya chuma. Mpishi anafungua maji, anawasha swichi, anasukumia wali uliobaki, maganda na mabaki ya mboga kwenye tundu la sinki. Chombo kinanguruma, na kila kitu kinateremka bombani kikiwa uji.

Kazi hiyo alijifunza Dar es Salaam kwa fundi mmoja aliyeitwa Semboja, Msambaa wa Vugiri, aliyekuwa akihudumia nyumba za wageni kutoka nje kule Masaki. Huko Yordani alizoea kulala chali chini ya masinki ya watu, tochi mdomoni, akifungua mota zilizokwama kwa mfupa wa kuku au kijiko cha chai. Semboja alipozeeka na kurudi kwao milimani, Yordani naye alirudi Korogwe na mkewe Janeth. Hapa alizikuta kazi za kawaida: koki zinazovuja, vyoo vilivyoziba, chemba zilizofurika. Alizifanya vizuri na watu walimwita. Lakini akikaa kunywa chai na mafundi wenzake hakuacha kuzisimulia zile mashine, na wao walimcheka.

"Nani atasaga ukoko hapa Korogwe?" walimwuliza. "Ukoko sisi tunakula."

Aliyempeleka kwa Semboja alikuwa dada yake, Filomena, na ili kumwelewa Yordani lazima kwanza umjue huyo dada.

Walizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma. Babu yao alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, akasema atarudi kwao, hakurudi. Baba yao alikata mkonge vilevile mpaka mgongo ukamkataa. Mama yao alifariki Yordani akiwa bado anatambaa. Filomena alikuwa darasa la tano. Kesho yake baada ya matanga hakwenda shule, na hakuna aliyemwuliza. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga ya mama, akaenda naye uwanjani ambako wanawake walianika singa za mkonge kwenye nyaya. Yordani alikulia pale, chini ya zile nyuzi nyeupe, akilala kivulini. Baadaye Filomena aliingizwa kazi ya ndani ya kiwanda, kwenye korona, kama wenyeji wanavyoiita ile mashine kubwa ya kuparua majani ya mkonge tangu enzi za babu zao, kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Vumbi la mle ndani lilimwachia kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na mshahara wa mle ndio uliomlipia Yordani nauli na mafunzo kwa Semboja.

Aliolewa, akapata binti mmoja, Getruda, kisha mume akaondoka kwenda kutafuta maisha na habari zake zikakatika. Shamba lilipopunguza watu, Filomena alihamia Manundu, akajenga kijumba cha tofali pembeni, kuelekea mtoni, akaanza kufuga nguruwe. Alianza na jike moja. Kufikia wakati wa kisa hiki alikuwa na banda refu la mabanzi lenye kelele tangu alfajiri, na kwa banda hilo alikuwa amemsomesha Getruda ualimu, akamwoza Handeni kwa heshima zote.

Siri ya banda lile ilikuwa makombo ya hoteli ya Mzee Sabiri.

Hoteli hiyo iko kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Arusha na Lushoto yanaposimama abiria wapate chakula. Abiria wana haraka. Wanaagiza sahani iliyojaa, wanakula nusu, honi inapigwa, wanaiacha. Kila siku mapipa ya nyuma ya jiko yalijaa wali, ndizi, ugali na chipsi. Asubuhi na jioni Filomena alikuja na toroli lake, akayachota, na kama malipo akayaosha mapipa na kufagia ua wote. Mzee Sabiri ni Mwislamu wa swala tano, na alijua makombo yale yanakwenda kwa nguruwe. Watu wengine walimsema. Yeye alimwambia Filomena mara moja tu, mwanzoni kabisa:

"Mama Getruda, ukishavuka geti langu, chakula hicho ni chako. Unakwenda kumpa nani, mimi sikuulizi."

Kulikuwa na faida nyingine ambayo Filomena aliijua kwa sababu bwana mifugo aliwahi kumweleza. Homa ya nguruwe husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe. Ukimlisha nguruwe wako makombo ya kitimoto, unaweza kumlisha kifo. Kwa Mzee Sabiri hakukuwa na kitimoto wala harufu yake. Kwa hiyo homa ilipopita mitaani ikasafisha mabanda ya wenzake, banda la Filomena lilibaki salama. Watu walisema ana dawa. Yeye alicheka, akasema dawa yake ni sala za Mzee Sabiri.

Asubuhi moja Mzee Sabiri alimwita Yordani, akamwongoza mpaka stoo na kufunua turubai. Yordani akachuchumaa palepale. Ilikuwa mashine ya makombo, ile kubwa ya majiko ya biashara, imetolewa kwenye hoteli moja iliyokuwa ikivunjwa Dar es Salaam.

"Unaijua hii?" mzee aliuliza.

"Naijua vizuri sana, mzee."

"Bwana afya amenijia tena. Mabasi ya mchana yakishusha watu, mapipa yameshajaa, inzi ndio hao, na korongo wamejipanga ukutani kama wanasubiri mshahara. Abiria wanapiga picha wanarusha kwenye simu. Nimechoka. Utaifunga?"

Yordani alikuwa ameshaipindua, anatafuta kwa kidole ule ufunguo mdogo unaoizungusha mota kwa mkono. Ilizunguka vizuri bila kukwaruza.

"Nitaifunga," alisema.

Mzee Sabiri alilikunja turubai. "Na dada yako je?"

"Nitaongea naye mwenyewe, mzee. Ni dada yangu."

Alikuwa na nia ya kuongea naye. Jioni ile alikwenda mpaka bandani. Alimkuta Filomena amepiga magoti kwenye nyasi kavu, jike moja linazaa, yeye anapokea watoto mmoja mmoja, anawafuta kwa gunia na kuwasogeza kwenye chuchu. Uso wake ulikuwa uking'aa kwa jasho na furaha.

"Njoo uone, Yordani! Huyu mama hana mchezo!"

Yordani akaona si wakati wa kusema. Aliletewa ugali na mlenda, akala, akaaga. Alirudi tena baada ya siku chache, na siku hiyo kulikuwa na jirani, akaona aibu kusema mbele ya mtu. Nyumbani Janeth alimwuliza, "Umemwambia wifi?" Yordani alijibu kwamba bado anatafuta njia nzuri ya kuliweka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alijua akimweleza, Filomena atamwomba asiifunge, na hakujua angemnyimaje dada huyo kitu chochote. Na yeye alitaka kuifunga. Tangu arudi kutoka Dar hakuna aliyemwomba kufanya kazi ile anayoiweza kuliko nyingine zote.

Kazi ilichukua muda, maana aliifanya mchana tu, Filomena akishapita asubuhi na kabla hajarudi jioni. Alipanua tundu la sinki, akabadilisha bomba la kutolea maji likawa nene, akavuta waya wa umeme na waya wa ethi unaoingia ardhini, akachimba chemba mpya nje, upande wa barabara. Wapishi na wahudumu walizoea kumruka miguu iliyochomoza chini ya sinki. Siku ya kujaribu, wote walikusanyika jikoni. Yordani alijipangusa mikono, akafungua maji, akawasha swichi. Mashine ikanguruma. Mpishi mkuu akamimina sufuria zima la makombo, na yote yakapotea. Watu wakapiga makofi. Mmoja wa wahudumu akamimina lingine, akapiga kelele za furaha, na Yordani akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyekuwa akichekwa.

Hakumwona Filomena akiingia kwa mlango wa nyuma. Alikuja mapema siku ile kwa sababu jike lenye watoto lilikuwa na njaa. Alisimama mlangoni, mikono imeshika toroli, na wahudumu walipomwona makofi yakakatika moja moja.

"Hicho kinachosagwa ni nini?" aliuliza.

Yordani akazima swichi.

"Yordani, nakuuliza. Ni nini?"

"Makombo, dada."

"Makombo haya ya hapa?"

"Ndiyo. Ni bwana afya, dada. Amewasumbua sana. Mzee hakuwa na la kufanya. Nilikuwa nakuja kukuambia."

Filomena alilitazama sinki, halafu akamtazama mdogo wake, aliyelowa kifuani na bado ana alama ya kicheko usoni. "Umeanza lini kazi hii?"

"Imekuwa siku kadhaa."

"Na juzi ulikula kwangu."

"Nilikula, dada."

Mzee Sabiri alikuwa ameshafika, akasimama katikati yao bila kujua aanzie wapi. "Mama Getruda, mimi nilidhani mmeshazungumza," alisema.

"Hatujazungumza, Mzee Sabiri. Lakini hoteli ni yako." Filomena aliingia, akachukua sufuria moja ambalo lilikuwa halijamiminwa, akalimwaga kwenye ndoo ya torolini. Kisha akatoka uani, akaosha yale mapipa yote kama kawaida, akafagia, akaondoka. Yordani alimtazama kupitia dirishani. Alitamani atukane, apige kelele, amrushie ufagio. Hapo angejua la kufanya.

Baada ya hapo Filomena hakugombana naye. Walipokutana kanisani walisalimiana. Yordani alimpelekea pumba, naye aliipokea, akashukuru kama anavyomshukuru jirani. Lakini pumba haikutosha banda lile. Alikata majani mtoni, akaokota mapapai yaliyooza sokoni, akachemsha majani ya viazi. Nguruwe walianza kuonekana mbavu na kung'atana mikia kwa njaa. Akauza baadhi yao kabla ya wakati. Wale watoto aliowapokea kwa mikono yake walidumaa.

Mwishowe akaanza kuzunguka kwenye baa. Aliijua hatari yake. Janeth, aliyekuwa akimtembelea mara kwa mara, alimkanya.

"Wifi, si wewe uliyetwambia makombo ya kitimoto yana homa?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Sasa wana njaa, Janeth. Wanalia mchana kutwa. Wewe unaweza kukaa ndani na kitu kinalia nje, unakisikia?" Alisema kwamba anayachemsha sana makombo hayo, anachagua mifupa yote na kuitupa. Na kwa muda ilionekana kwamba Mungu amemwonea huruma.

Halafu jike kubwa likakataa chakula. Masikio yakawa mekundu, kisha ya zambarau. Likajilaza kwenye tope, halinyanyuki. Kesho yake walikuwa wengine. Homa ile haina dawa wala chanjo; bwana mifugo alikuja, akatazama kutoka mlangoni tu, akasema waliokufa wafukiwe na waliobaki wauawe na kufukiwa nao, na banda lisiingizwe nguruwe kwa muda mrefu.

Yordani aliposikia aliacha kazi ya mtu katikati, koki imefunguliwa, akaenda na sururu na chepe. Hakumwomba dada yake ruhusa. Alianza kuchimba nyuma ya banda. Udongo wa pale juu ni mweusi na laini, lakini ukishuka unakutana na mfinyanzi mgumu. Alichimba mpaka viganja vikapasuka. Filomena alikaa kwenye kigoda, anakohoa, anatazama upande wa mtoni. Yordani alikuwa ameshazama mpaka mabegani na bado anachimba, ingawa hapakuwa na haja tena.

"Shimo limetosha," Filomena alisema.

"Dada, naomba unisamehe."

"Toka humo. Limetosha."

Waliwavuta mmoja mmoja, yeye na Yordani na jirani mmoja aliyejitolea. Walipomaliza kufukia, Filomena aliosha mikono na uso, akampa Yordani maji naye aoshe. Alimmiminia mwenyewe, taratibu, bila kumwaga ovyo.

Haikupita wiki nyingi akafunga nyumba na kwenda Handeni kwa Getruda. Aliwaaga majirani wote. Kwa Yordani alikuja pia, akakaa, akanywa chai, akamwombea Janeth heri, akasema anakwenda kupumzika kifua. Yordani alimsindikiza mpaka stendi akiwa amebeba begi lake. Alitaka kumwambia mambo mengi, lakini basi lilikuwa limeshawasha injini, na Filomena akapanda bila kugeuka nyuma.

Mashine nayo haikuwapa raha. Jiko la kando ya barabara si kama jiko la nyumba ya Masaki. Wahudumu wenye haraka walitumbukiza humo mifupa ya mbuzi, vijiti vya mishikaki, vizibo vya soda, mara nyingine kijiko kizima. Mota ilikwama, Yordani akaitwa. Alizima umeme, akaingiza mkono kwenye koo la mashine na kupapasa gizani, akatoa kilichokwama, akaizungusha kwa ufunguo, akabonyeza kitufe chini yake, ikanguruma tena. Aliweza kuitengeneza akiwa amefumba macho. Lakini siku hizo aliifanya kazi hiyo kimya, na wahudumu waliacha kumtania. Kila alipoingiza mkono mle, aliukuta wali na ndizi za kupikwa vimesagika, bado vina joto. Siku moja mpishi alimkuta amekaa sakafuni na kiganja kimejaa uji ule, anautazama. Alimwuliza kama ameumia. Yordani alisema hapana.

Mafuta nayo yaliganda bombani, chemba ikafurika mpaka kwenye ua wa wateja. Mwishowe, siku ya abiria wengi, mota iliungua. Moshi ulijaa jikoni. Yordani alipoifungua alikuta nyaya zake zimeyeyuka na kushikana.

"Hii imekwisha, mzee," alimwambia Mzee Sabiri.

"Nimeambiwa Dar zipo mpya. Niagize?"

Yordani alikuwa bado amepiga magoti chini ya sinki.

"Ukinitaka niifunge, nitaifunga, maana ni kazi yangu. Lakini nakuomba usiagize. Nakuomba kama mtoto wako."

Mzee Sabiri alivuta kiti cha plastiki akakaa. Alikuwa mtu mzima sana sasa, na tangu banda la Filomena life hakuwa na amani na jiko lake mwenyewe. "Nilikuuliza siku ile," alisema. "Nilikuuliza, na dada yako je."

"Uliniuliza, mzee."

"Na mimi nilipaswa kwenda kwake kwa miguu yangu. Nilitumia ulimi wako kwa sababu ulikuwa rahisi." Alitikisa kichwa. "Itoe. Tutanunua mapipa yenye mifuniko. Mwambie mama Getruda arudi, makombo yake yapo."

Yordani aliitoa mashine, akaziba tundu, akarudisha bomba la kawaida. Alfajiri iliyofuata alipanda basi la Handeni.

Getruda anaishi Chanika, palepale Handeni, kwenye nyumba ya bati yenye ua mpana wa vumbi. Alimpokea mjomba wake kwa shikamoo, akamkaribisha ndani, lakini Yordani alikuwa ameshamwona dada yake chini ya kibaraza, amekaa kwenye mkeka, anachambua kunde. Alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya kitenge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Getruda, mletee mgeni kiti."

Neno hilo mgeni lilimchoma Yordani, naye hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, pembeni ya mkeka, akaanza kueleza kwa pupa. Mashine imeungua. Ameing'oa kwa mikono yake. Mzee Sabiri amesema arudi, makombo yapo, asubuhi na jioni kama zamani, na mapipa mapya yenye mifuniko.

Filomena alimsikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake havikuacha kuchambua kunde.

"Makombo ya nini, Yordani?" alimwuliza. "Nguruwe wako wapi?"

"Tutanunua jike. Mimi nitanunua. Utaanza tena."

"Nianze tena." Alikohoa, akasubiri kifua kitulie. "Mdogo wangu, mimi nilianza mama alipokufa. Nikaanza mume wangu aliponiacha. Nikaanza shamba liliponitoa. Safari hii sina tena hiyo nguvu ya kuanza."

Yordani aliinamisha kichwa.

"Sikukasirika kwa ajili ya mashine," aliendelea, sauti ileile ya kawaida. "Mzee Sabiri ana haki na jiko lake. Ungeniambia, ningeuza wote wakiwa wazuri, nikafuga hata kuku. Lakini nilisimama pale mlangoni nikasikia unacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu ulipokuwa mtoto kule kambini. Nikafurahi, unajua? Nikafurahi kwanza, kabla sijajua unachekea nini."

Getruda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliligeuza akarudi nalo ndani.

"Nimekusamehe," Filomena alisema. "Nilikusamehe siku ile ukiwa shimoni. Ila siwezi kurudi Korogwe."

Yordani alilia palepale, mtu mzima, kwenye ua wa mpwa wake. Filomena alimwacha alie. Baadaye alimsogezea ungo wa kunde, na wakachambua pamoja mpaka zikaisha.

Kuanzia hapo Yordani akawa anakwenda Handeni kila alipopata nafasi. Aliona jinsi maji yanavyopatikana kwa shida pale: Getruda ananunua kwenye madumu yanayoletwa na punda, anayapima kwa kikombe, na mama yake ananawa uso kwa kiganja kimoja ili yasiishe. Bati lote lile halina hata gata moja, na mvua ikinyesha inapotea vumbini. Yordani alileta tanki kubwa la plastiki juu ya gari la mizigo, akajenga jukwaa la mawe na saruji, akafunga gata kuzunguka paa, akateremsha bomba mpaka kwenye tanki, na koki chini yake upande wa kibaraza, ili Filomena asitembee.

Siku hizo za kazi ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote walizopata. Filomena alikaa kwenye mkeka wake akimtazama kwenye ngazi. Hakuwahi kumwona mdogo wake akifanya kazi kwa kutwa nzima. Alimwuliza kwa nini gata linalazwa kwa mteremko kidogo, kwa nini anapaka gundi mara mbili, na Yordani alimweleza kila kitu, akifurahi. Alimsimulia habari za Masaki. Alimsimulia jinsi Semboja alivyokuwa akiimba nyimbo za Kisambaa chini ya sinki la balozi. Filomena alicheka mpaka akakohoa, na wakati mwingine alikohoa kwa muda mrefu mno, Getruda akaja kumshika mgongo.

"Hospitali wanasema nini?" Yordani aliuliza wakiwa peke yao, yeye na Getruda.

"Wanasema mapafu yamechoka, mjomba. Wanasema ni vumbi la miaka mingi. Wametupa dawa za kumpunguzia tu."

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Korogwe, yakatanda juu ya Handeni, yakapita. Filomena aliugua kitandani siku chache, akaomba padri aletwe, akapakwa mafuta. Yordani alipigiwa simu akiwa ndani ya chemba ya mtu huko Manundu, matope mpaka magotini. Alifika Handeni na nguo zilezile, na akamkuta amekwisha kufunikwa.

Walimzika Handeni. Yordani alitaka wampeleke Magoma, karibu na mama yao, lakini Getruda alisema mama mwenyewe aliomba asirudishwe, na Yordani hakubishana. Mzee Sabiri alikuja na kanzu nyeupe, ameshikwa mkono na mwanawe, akasimama nyuma ya Wakristo waliokuwa wakiimba, midomo yake ikisoma dua yake mwenyewe. Alimpa Yordani mkono wa pole. Walishikana tu.

Siku ya pili ya matanga, mchana, mvua ilianza. Ilianza kwa matone makubwa ya kuhesabika juu ya bati, kisha ikamwagika. Wanawake waliokuwa wakipika uani walikimbia na masufuria, wengine wakicheka, kisha wakakumbuka wako msibani wakanyamaza. Maji yalijaa kwenye gata, yakateremka kwenye bomba, na tanki likaanza kutoa sauti, kwanza kama ngoma tupu, baadaye nzito zaidi. Mwanamke mmoja akafungua koki kujaribu, akaita wenzake waje na ndoo.

Yordani alitoka chini ya turubai akaenda kutazama. Pale bomba linapoingia kwenye tanki palikuwa panavuja kidogo, uzi mwembamba wa maji ukishuka ukutani. Alilivua koti lake, akapanda juu ya jukwaa la mawe, akaanza kukaza kiungio kwa mikono.

"Mjomba, utalowa," Getruda alimwita kutoka kibarazani. "Njoo ndani. Utatengeneza ikikatika."

"Nakuja," alijibu.

Alikaza, maji yakaacha kutiririka. Lakini hakushuka. Alibaki pale juu, mkono mmoja umeshika bomba, mvua inampiga kichwani na mgongoni. Kibarazani palikuwa na nafasi tupu pale mkeka ulipokuwa ukitandikwa. Getruda alimwita tena, na baada ya kitambo akaacha kuita.